Rozari ya Boliti Kumi

Watu wa La Soledad walikuwa na msemo kwamba injini iliyofungwa na Gildardo Ocampo haipiti toharani, inakwenda mbinguni moja kwa moja. Marehemu mwenyewe, Mungu amlaze mahali pema, hakuupenda msemo huo. Alisema unaidharau toharani. Hata hivyo hakuwahi kuukanusha mbele ya wateja.

Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye masharubu yaliyonuka oili hata siku ya kupokea Komunyo. Karakana yake iliegemea ukuta wa kanisa, upande wa sakristia, na kwa sababu hiyo alijikataza kutukana. Fundi asiyetukana ana tabu yake. Spana ikimteleza na kumchuna vidole, Gildardo alitaja watakatifu. Mchubuko mdogo ulistahili mtakatifu mmoja. Siku giaboksi ya lori la maziwa ilipomwangukia mguuni, sakristani alisikia litania nzima kupitia ukutani, akatoka na kengele mkononi akiitikia "utuombee", akidhani kuna maandamano ambayo Padri alisahau kumwambia.

Alizaliwa mlimani, kwenye shamba la kahawa, mtoto wa saba kati ya tisa, na shule aliiacha darasa la tano. Ufundi alifundishwa na mjomba wake, mzee ambaye hakujua kusoma hata jina lake. Kwa hiyo kitabu cha injini hakikuwapo. Kilichokuwapo ni rozari. Kichwa cha injini ya silinda nne kinafungwa kwa boliti kumi, na kumi moja la rozari lina Salamu Maria kumi. Mjomba alipoliona hilo alisema Mungu amekwisha kupanga, kazi ya mtu ni kufuata. Boliti moja, Salamu Maria moja. Vuta polepole, usipapatike, nenda kwenye nyingine. Ukimaliza zote kumi unarudia, sasa kwa nguvu zaidi kidogo. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho, na hapo injini imefungwa.

Gildardo alifunga hivyo miaka thelathini na minne. Wakati ukifika alivua kofia, akazima redio, akawanyamazisha wateja, na hata mbwa wa karakana alijua kukaa chini. Mtu akimuuliza siri yake, alijibu kwa neno moja tu, rozari, kisha akaendelea na kazi kwa sura ya mtu aliyekwisha kutoa maelezo marefu.

Gari lake mwenyewe lilikuwa Wilis nyekundu, mojawapo ya yale magari ya zamani ya jeshi ambayo kule milimani hubeba kahawa, ndizi, kuku, na watu kumi na wanne wanaodai kuwa ni wanane. Aliliita Mjane. Injini yake ya kwanza ilikufa njiani na magunia ya kahawa mgongoni, naye Gildardo akaliozesha injini ya lori dogo la Kijapani. Ndoa hiyo ya pili, alipenda kusema, ilikuwa na amani kuliko ya kwanza, maana bwana harusi hakuelewa lugha ya nyumbani.

Na ni Mjane huyo aliyekuwa akimbeba Bikira. Kila tarehe kumi na sita Julai, sikukuu ya Bikira wa Karmeli, mlinzi wa madereva, magari yote ya La Soledad huoshwa, hufungwa maua ya karatasi na maputo, na hupanda mlima kwa honi mpaka kwenye kanisa dogo la juu, ambako Padri huyanyunyizia maji ya baraka. Mbele ya yote hutangulia sanamu ya Bikira, na kwa miaka kumi na mmoja mfululizo ilikuwa imepanda juu ya Mjane. Gildardo hakuwa na mtoto, hakuwa na shamba, hakuwahi kuchaguliwa kwa lolote. Alikuwa na jambo hilo moja.

Siku nane kabla ya sikukuu, Mjane alianza kutoa moshi mweupe. Gildardo alichomoa kijiti cha oili akakuta oili imekuwa kama uji wa mtoto. Gasketi ya kuzibia kichwa cha injini imekufa, maji yamekutana na oili. Hakushtuka. Alifungua kichwa cha injini, akakipeleka mjini kisawazishwe uso, akarudi nacho kimefungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga. Siku tano zilikuwa zimebaki, na kazi ilikuwa ya asubuhi moja.

Jioni hiyohiyo akavunjika mkono. Ukweli lazima usemwe, hata kama yeye mwenyewe kwa miaka mingi alidai ilikuwa ajali ya kazini. Alikuwa amesimama juu ya kiti cha plastiki kwenye duka la kahawa, akiwaonyesha watu jinsi Arnobio Giraldo alivyoanguka kwenye ngazi za posta. Aliigiza vizuri mno. Watu walicheka, kiti kikakunja mguu, na Gildardo akaanguka hasa kama Arnobio, isipokuwa Arnobio hakuvunjika kitu. Alirudi kutoka zahanati na plasta nyeupe kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, mkono wa kulia, ule ule wa kazi.

Arnobio naye alikuwa fundi, mwenye karakana upande wa pili wa uwanja, na pikapu mpya yenye kiyoyozi. Hakuwa mtu mbaya. Lakini kesho yake mapema alikwenda kumwona Padri Ancízar, akamweleza kwa huzuni kubwa habari za plasta, kisha akasema kwamba gari lake linaweza kumbeba Bikira, na kwa kuwa lina kiyoyozi, atapanda bila jasho. Padri alimkumbusha kwamba sanamu inakaa nyuma, nje. Arnobio akasema kiyoyozi ni heshima tu. Mwishowe Padri akapitisha shauri: Mjane akiwa mlangoni mwa kanisa saa tatu asubuhi ya sikukuu, akinguruma, vyema. Asipokuwapo, Bikira atapanda pikapu.

Gildardo alipoletewa habari hizo alitaja watakatifu sita.

Mke wake, Fabiola, ndiye aliyekuwa kiongozi wa rozari wa mtaa. Palipo na msiba aliitwa yeye kuongoza siku tisa za sala, na sauti yake ilijulikana hadi shamba la mwisho. Kwenye altare alikuwa mfuaji na mpigaji pasi wa vitambaa. Injini hakuwahi kuigusa, lakini alikuwa ameishi na mtu wa injini miaka ishirini na sita, na mtu aliyekaa muda huo karibu na tanuri anajua mkate unavyonuka. Alimwambia mumewe atafunga yeye, aelezwe tu. Gildardo, ambaye dawa ya maumivu ilikuwa imemlegeza kitandani kama nguo mbichi, alifungua jicho moja. Akasema boliti ni kumi, mara tatu, kama rozari. Kisha akalala.

Fabiola alifanya kama alivyoambiwa. Alisafisha uso wa chuma, akaweka gasketi mpya, akateremsha kichwa cha injini, akapaka boliti oili kidogo kama alivyomwona mumewe akifanya. Alivua leso, akazima redio, akamtazama mbwa, mbwa akakaa. Akasali makumi matatu, kwa sauti, bila kosa hata moja. Siku ya pili wakarudisha mengine yote, wakajaza maji, wakawasha.

Mjane aliwaka. Kwa muda wa kama Baba Yetu tatu alinguruma vizuri, Fabiola akaanza kutabasamu. Halafu katikati ya injini pakatoka mluzi mwembamba, kama wa chai inayokaribia kuchemka, na maji yakaanza kutiririka ubavuni.

Gildardo aliamuru izimwe. Akakaa juu ya ndoo. Alimuuliza mkewe, kwa upole ambao ulimtisha zaidi kuliko kelele, alianzia wapi.

"Penye msalaba."

"Msalaba upi, mama?"

"Wa rozari. Kona ya mbele, kwenye feni. Halafu nikazunguka, moja baada ya nyingine, mpaka nikarudi nilikoanzia. Si umesema kama rozari?"

"Injini inaanzia katikati, Fabiola. Katikati, halafu unavuka huku, unavuka kule, unakwenda nje."

"Rozari gani inaanzia katikati, mzee wangu? Nimeongoza rozari mtaa huu miaka ishirini. Sijaanzia katikati hata siku moja."

Gildardo aliutazama mkono wake ndani ya plasta. Kwa miaka thelathini na minne mkono wake ulikuwa ukienda katikati wenyewe, kama punda anayejua nyumbani, na mdomo wake ulikuwa ukisema rozari, na hakuna siku vitu hivyo viwili vilipokutana. Mjomba hakusema, maana mjomba alionyesha kwa kidole. Na waliokuwa wamemuuliza, yeye aliwajibu kwa neno moja na kuwapa mgongo.

Ndipo Fabiola akauliza kwa nini katikati, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Gildardo Ocampo akajaribu kueleza. Alisema chuma kinaonekana kigumu lakini kinapinda kama kitu chochote. Ukibana pembeni kwanza, kile kilichojikunja kinakimbilia katikati na hakina pa kutokea. Akatafuta mfano, akakosa, akapunga plasta hewani.

"Kumbe ni kitambaa cha altare," alisema Fabiola. "Unaweka kiganja katikati, unalainisha kwenda nje, huku na huku. Ukianza na pembe, kunyanzi linabaki chini ya kalisi, na Padri analiona."

Gildardo alimtazama.

"Miaka yote hii," akaendelea mkewe, akiinuka, "unafunga injini kwa kitambaa na kuwaambia watu ni rozari. Na mimi mwenye kazi ya kitambaa hukuniambia."

Gasketi ile ilikuwa imeharibika, na ilikuwa siku moja kabla ya sikukuu. Ya aina hiyo mjini kwenyewe isingepatikana kabla ya wiki kwisha. La Soledad nzima ilikuwa na moja tu, na ilining'inia kwenye msumari kwa Arnobio Giraldo. Gildardo alisema ni afadhali amfungie Mjane kwa karatasi ya kuokea. Fabiola alivaa viatu, akavuka uwanja, akarudi nayo. Arnobio alikuwa ameitoa bila ubishi, akituma na salamu: mgonjwa asihangaike, kiyoyozi kimekwisha kuwashwa, kinazoeshwa.

Lilibaki jambo jingine, nalo halikuwa dogo. Kukaza ni mpangilio, ndiyo, lakini ni kiasi pia. Boliti kumi lazima zibane sawasawa. Moja ikizidi na nyingine ikipungua, kunyanzi linarudi kwa mlango mwingine. Fabiola akataka kujua kiasi hicho ni kipi. Gildardo akasema unavuta mpaka boliti inasema basi. Fabiola akauliza inasema kwa sauti gani. Akasema mkono unasikia. Mkewe akamjibu kwamba mkono unaosikia umo ndani ya plasta, na huu wake ni kiziwi.

Baba yake Fabiola alikuwa mnunuzi wa kahawa, na vitu viwili alimwachia: sauti, na mizani ya springi yenye ndoano, ya kupimia magunia madogo. Aliishusha kutoka jikoni. Akabana boliti kuukuu kwenye jiliwa la meza ya kazi, akatia spana na mpini wake mrefu, akatundika ndoano kwenye ncha ya mpini, akamwambia mumewe ashike mizani kwa mkono mzima, wa kushoto, avute kama anavyovuta siku zote. Raundi ya kwanza kwanza.

Gildardo alivuta akasema basi. Mshale ulisimama kwenye kilo nne. Raundi ya pili ukasimama kwenye nane. Ya tatu alifumba macho, midomo ikamchezacheza, akavuta mpaka masharubu yakatetemeka, akasema basi. Kilo kumi na mbili na nusu. Aroba moja kamili, kipimo ambacho kila mtu wa kahawa anakijua kabla hajajua jina la baba yake.

Fabiola akamwambia arudie. Aroba. Akamgeuza asione mshale, akamwambia tena. Aroba.

"Mkono wa kushoto huo," alisema Gildardo taratibu. "Wala si wa kazi."

"Usivimbe kichwa," alisema Fabiola. "Hicho hakina boliti za kukizuia."

Lakini alikuwa ameona macho ya mumewe yamelowa, akajishughulisha kufuta mizani.

Wakaanza saa nane mchana. Safari hii Gildardo hakulala. Alimfanya mkewe akaushe kila tundu la boliti kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti, maana maji au oili ikibaki chini ya tundu, boliti inasukumana nayo, nawe unadhani imekaza kumbe inaogelea. Akaandika namba kwa chaki kuanzia katikati kwenda nje, kwa mkono wa kushoto, na zilikuwa mbaya kiasi kwamba saba ilibidi ijadiliwe. Kofia ikavuliwa. Redio ikazimwa.

Fabiola alitundika ndoano, akavuta mpaka nne, akasema Salamu Maria ya kwanza. Nusu ya pili ya sala aliitikia Gildardo. Mlangoni palikuwa na jirani aliyekuja kuazima pampu ya baiskeli. Naye akaitikia, kwa mazoea, maana sauti ya Fabiola ikianza, watu wa mtaa ule huitikia hata wakiwa wanaoga. Raundi ya pili walikuwa watano. Raundi ya tatu mlango wote ulikuwa umejaa, na mama mmoja mzee alikuwa amepiga magoti kwenye matairi akimuuliza mwenzake kwa kunong'ona ni nani aliyefariki.

Kwenye boliti ya saba ya raundi ya mwisho, mtu alipiga chafya, watu wakamtakia afya, na Fabiola akapoteza hesabu. Alisimama na ndoano hewani. Hakujua kama ya saba ameivuta au bado. Mlango mzima ulishikilia pumzi. Gildardo alianza kusema kitu, akajizuia, akafumba mdomo. Ilikuwa kazi ya mkewe.

Fabiola alitundika ndoano tena kwenye ya saba akavuta polepole. Mshale ukapanda hadi aroba na boliti haikusogea hata unywele. Alikuwa ameivuta. Akaenda ya nane, na mlango ukapumua na kuitikia kwa nguvu iliyomtoa sakristani nje kwa mara nyingine.

Saa tatu kasorobo asubuhi ya sikukuu, Mjane alikuwa mlangoni mwa kanisa akinguruma, amevaa maua ya karatasi mpaka kwenye vioo. Arnobio alizunguka injini mara mbili, akainama, akatega sikio, akarudi kwenye pikapu yake. Bikira akapandishwa.

Kulikuwa na ugumu mmoja ambao hakuna aliyeufikiria. Gildardo alikataa katakata mtu mwingine kushika usukani, na gia ya Wilis ipo mkono wa kulia. Kwa hiyo yeye alishika usukani kwa mkono wa kushoto na kukanyaga kanyagio, na Fabiola, amekaa kando yake na gauni la sikukuu, akawa mwenye gia. Gildardo alisema pili, Fabiola akasukuma pili. Mara moja alisema tatu katikati ya mwinuko mkali kabisa, kwa kiburi tu, na mkewe akakataa. Waliendelea na pili. Nyuma yao honi arobaini zilikuwa zikilia, na Gildardo hakusikia hata moja. Alikuwa amelaza kichwa upande kama kuku anayesikiliza, akitafuta ule mluzi chini ya kelele zote. Kona ya kwanza hakuusikia. Kona ya makaburi hakuusikia. Kwenye kona ya mwisho, pale magari mengi hupumzishwa, alimwambia mkewe atazame kipimo cha joto kwa sababu yeye anaogopa. Fabiola akatazama. Akasema kimekaa palepale, kama mtu kanisani.

Walifika juu. Padri Ancízar alinyunyiza maji ya baraka juu ya magari, juu ya madereva, na kwa bahati mbaya juu ya vyombo vya bendi. Kisha akasema kwa kipaza sauti kwamba tumshukuru Mungu kwa mikono ya ndugu yetu Gildardo, ambayo kwa mwaka wa kumi na mbili imemleta Mama yetu mlimani. Watu wakapiga makofi. Arnobio pia alipiga, makofi mawili au matatu.

Gildardo aliinuka kwenye kiti. Halafu akainua plasta, watu wote waione.

"Padri, mkono wangu ndio huu. Injini ameifunga Fabiola."

Kicheko kilianzia nyuma, kwenye malori, kwa sababu walidhani ni mzaha. Kikafa chenyewe walipoona sura yake. Padri alishuka na kopo la maji ya baraka, akamwomba Fabiola anyooshe mikono. Akainyoosha. Kucha zilikuwa bado na weusi wa oili ambao sabuni haikuuweza, naye aliona aibu, akataka kuikunja. Gildardo akaizuia kwa mkono wake wa kushoto mpaka maji yakaimwagikia yote miwili.

Baadaye watu walitawanyika kwenye nyama ya nguruwe na pombe ya miwa. Hao wawili hawakwenda. Gasketi mpya ikishapata moto mara ya kwanza hulala chini kidogo, na boliti hulegea kidogo pamoja nayo, kwa hiyo injini lazima ipoe kabisa, kisha boliti zikazwe raundi nyingine. Walikaa kwenye nyasi kando ya Mjane, boneti wazi, wakisubiri. Mtu aliwaletea sahani mbili na kuuliza kama kuna tatizo. Gildardo akamweleza kwa nini wanasubiri, kuanzia katikati kwenda nje, kwa mfano wa kitambaa, kirefu na kipana, mpaka yule mtu nyama yake ikapoa mkononi.

Fabiola aligusa chuma kwa kiganja. Bado kilikuwa na uvuguvugu. Akalalia bega la mumewe, upande usio na plasta, akafumba macho.

"Kikipoa uniamshe," alisema. "Na namba zako usiziguse. Ile saba nimekwisha kuizoea."